Kufundisha Uwezekano, Kutoka Mashuuru Hadi Kitengela

Walimu wenzangu wa idara ya hesabu, siku mliyoniaga mlinipa kiti kizuri cha mbao na mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Kiti nimekikalia, kwa hivyo sasa sina budi kuandika. Sitagusia vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo wenu. Nitazungumzia mada moja tu, uwezekano wa kidato cha tatu, kwa kuwa ndiyo mada mnayoikimbia. Nimewaona kwa macho yangu. Mtihani ukikaribia mnaipa kipindi kimoja, mnaandika kanuni mbili ubaoni, kisha mnawaambia watoto kwamba hii ni rahisi, wajisomee wenyewe. Si rahisi, na hawajisomei.

Nilianzia Mashuuru, kule Umasaini, katika shule ya wasichana ya bweni. Nilitoka kwetu Bungoma na shahada mpya, sanduku moja, na mwavuli mkubwa ambao wanafunzi waliutazama kama mgeni wa pili. Kwetu mvua hunyesha jioni bila kuomba ruhusa. Mashuuru mwavuli ule ulinisaidia kujikinga jua, na baadaye nikaugeuza fimbo ya kuelekezea ubaoni.

Somo langu la kwanza la uwezekano lilianza pale kitabu kilipoanzia, kwenye karata hamsini na mbili. Nikawauliza wasichana: ukichomoa karata moja bila kuangalia, uwezekano wa kupata mfalme ni kiasi gani? Wakatazamana. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kama tunavyofanya sote tukidhani tatizo ni masikio. Msichana mmoja wa mbele, Nashipae, akainua mkono kwa adabu.

"Madam, hizo karata ziko na wafalme wangapi?"

Nikamwambia wanne. Akaandika. Akauliza kuhusu malkia, nikamwambia wanne pia. Akaandika tena, halafu akauliza hao wote wanatawala wapi. Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa linangoja jibu. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nawauliza sehemu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona kizima. Basi Jumamosi nikaenda Kajiado mjini, nikanunua karata, na Jumatatu nikaziweka mezani.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Lemayian, mwanamume mwembamba mzaliwa wa Bisil, ambaye alibeba chaki mfukoni mwa shati bila kuifunga, hivi kwamba kila shati lake lilikuwa na mfuko mweupe. Alizitazama zile karata, akazirudisha ndani ya pakiti, akaniambia, "Hizi zitatembea." Nilidhani anasema zitaibwa. Sivyo. Wasichana walielewa somo vizuri sana, wakaenda nyumbani kwa likizo fupi, na Nashipae akawakatia kaka zake karata za maboksi ili awafundishe alichofundishwa. Baba yake, Mzee Parmuat, alikuwa shemasi kanisani. Alirudi kutoka ibada akakuta wanawe wameketi wakigawiana wafalme na malkia.

Shule ilipofunguliwa, Nashipae hakurudi. Alikuja baba yake, akamwambia mwalimu mkuu kwamba amekuja kuchukua sanduku la mtoto, kwa sababu hakumleta shuleni afundishwe kamari. Mwalimu mkuu alikuwa mama mpole aliyependa mambo yapite. Aliomba sanduku libaki kwanza, kisha akaniita ofisini na kunishauri niiruke ile mada. Alisema katika mtihani haizidi swali moja au mawili, na mwanafunzi anaweza kuchagua mengine.

Nilitoka pale nikiwa tayari kuiruka. Nilikuwa mgeni, kazi ilikuwa mpya, na sikutaka jina langu lijadiliwe kanisani. Lakini nilimfikiria Nashipae. Wakati ule, na katika eneo lile, msichana akitolewa kidato cha tatu hapelekwi shule nyingine. Anapelekwa kwa mume. Mwalimu Lemayian alinisikiliza, akaniambia mada si ya mwalimu mkuu wala si yangu, ni ya watoto, na kwamba baba mtu hajibiwi kupitia ofisi. Jumamosi ile akaniweka nyuma ya pikipiki yake, tukaenda.

Mzee Parmuat alitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliniamkua "Takwenya," nikaitikia "Iko" kama nilivyokuwa nimefundishwa njiani, na lafudhi yangu ikamfanya atabasamu kidogo. Tulipewa chai ya maziwa matupu. Baada ya habari za mvua, ambazo hazikuwa nyingi, akaingia kwenye neno lenyewe.

"Mwalimu, mimi niko shemasi. Watu ya hapa wananijua. Sasa wanasema msichana yangu anasoma kamari. Kama hiyo hesabu si kamari, ni ya nini?"

Nilimtazama Mwalimu Lemayian anisaidie. Yeye alikuwa anatazama chai yake kana kwamba kuna maandishi ndani. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mkuu wa idara mimi mwenyewe, nilielewa kwamba kunyamaza kule alikupanga.

Sikuzitetea karata. Nilimwambia karata ni mfano wa kitabu tu, na kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajafika Mashuuru, kwa hivyo tunaweza kuziacha. Kisha nikamwuliza kama ana ng'ombe wenye mimba. Akasema wako wawili, Narok yule mweusi na Naibor yule mweupe. Nikamwuliza angependa wazae nini. Lilikuwa swali la mtu aliyekulia shamba la miwa, si kwenye mifugo, lakini alinijibu kwa upole kwamba kila mtu hupenda majike. Ndipo nikamwuliza: tukichukulia kwamba jike na dume wana nafasi sawa, uwezekano wa kupata majike wote wawili ni kiasi gani?

Alifikiria. Alisema wanaweza kuwa majike wawili, au madume wawili, au mmoja mmoja. Njia ni tatu, na yeye anataka moja. Kwa hivyo ni moja kwa tatu.

Nikamwomba ruhusa tumsikie Nashipae. Aliitwa, akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma, jinsi wanavyosimama wakiulizwa swali darasani. Baba akamrudia swali. Akajibu kwanza kwa Kimaa, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Papa, hiyo ya mmoja mmoja ni njia mbili. Narok anaweza kuzaa jike na Naibor azae dume. Ama Narok dume, na Naibor jike. Hao si ng'ombe mmoja."

Mzee akamwambia arudie. Alipomaliza, yule baba akakunja vidole vyake kimoja kimoja: jike na jike, jike na dume, dume na jike, dume na dume. Akavitazama vile vinne.

"Kwa hivyo ni moja kwa nne," akasema, na hakufurahi hata kidogo. "Hesabu yenu imenipunguzia ng'ombe."

Nikamwambia ndiyo, na hiyo ndiyo tofauti ya hesabu hii na kamari. Mcheza kamari anaambiwa nafasi yake ni kubwa. Binti yake anafundishwa kuona ilivyo ndogo, na mtu anayeiona mapema ndiye wa mwisho kuweka mali yake mezani. Mzee alizungumza na Mwalimu Lemayian kwa Kimaa kwa muda mrefu, tena kuhusu mambo ya malisho nadhani, maana walikuwa wakionyesha milima. Mwisho akasema sanduku litabaki shuleni na Nashipae atalifuata, ila karata zisionekane tena. Nilikubali pale pale. Msichana alirudi Jumatatu. Narok na Naibor walizaa madume wawili, na mzee alituma salamu kwamba hesabu ilikuwa sawa, ni ng'ombe ndio hawakusikia. Nashipae alimaliza kidato cha nne. Leo ni daktari wa mifugo, na sisemi ni kwa sababu ya somo lile. Nasema tu alimaliza.

Kuacha karata kulinipa kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia, mfuko wa kitambaa wenye mahindi na maharagwe. Uushone kwa kitambaa kizito ili wasione ndani. Punje ziwe za ukubwa unaokaribiana, la sivyo mkono utazitofautisha, na mwanafunzi mjanja atakuchomolea maharagwe tu mpaka ukome. Kwa mfuko ule unafundisha karibu mada nzima. Chomoa, tazama, rudisha: hapo kila safari ni sawa na ya kwanza. Chomoa usirudishe: hapo mfuko umebadilika, na namba ya chini ya sehemu lazima ibadilike nao. Wanafunzi wengi wanakosea hapa kwa sababu wanahesabu mfuko wa jana. Mwambie atie mkono ndani. Akihisi zimepungua hatasahau. Kasoro ya kifaa hiki ni moja. Nilipohamia Kajiado mjini niliacha mfuko kabatini likizo ya Desemba, na Januari nikakuta panya wamekula somo lote.

Mwalimu Lemayian alinipa kanuni mbili kabla sijahama. Ya kwanza, kabla hujaandika sehemu yoyote, orodhesha yote yanayoweza kutokea, hata kama wanafunzi wanakuona unapoteza wakati. Makosa mengi ya uwezekano hayatoki kwenye kugawanya, yanatoka kwa mtu aliyesahau kuhesabu njia mojawapo. Ya pili, waache wakisie kwanza, na wakisie kwa sauti, mbele ya wenzao. Mtu aliyekisia kwa sauti atafuatilia jibu kama mtu aliyepoteza mbuzi. Huyo mzee amelala kaburini sasa kwao Bisil, na bado natumia kanuni zake nikichagua foleni dukani.

Kajiado nilifundisha wavulana, na wavulana walinifundisha kuhusu "na" na "au". Mnajua shida yenyewe. Wanaambiwa "na" ni kuzidisha, "au" ni kujumlisha, kisha swali linakuja halina "na" wala "au", nao wanabaki wamekodoa macho. Dawa niliyoipata ni mti. Chora matawi, andika sehemu juu ya kila tawi, tembea kutoka shinani hadi nchani ukizidisha, ukifika ncha zaidi ya moja unazotaka, jumlisha. Kagua kazi yako: ncha zote zikijumlishwa lazima zifike moja kamili. Zisipofika, kuna tawi umelikata. Wavulana wangu walianza kukagua hata miti yangu, na mara mojamoja walinipata. Niliwapongeza, kwa tabasamu la meno tu.

Jambo moja la Kajiado nataka mlishike. Siku ya jaribio la mfuko, kikundi kimoja kilichomoa maharagwe mengi mno kuliko ilivyotarajiwa. Mwandishi wao akaanza kufuta ili yalingane na kitabu. Nilimzuia. Niliwaambia waandike walichokipata, kisha tukajumlisha matokeo ya vikundi vyote ubaoni, na jumla ikasogea karibu na jibu la kitabu bila mtu kuidanganya. Kikundi kimoja kinaweza kwenda kombo, kwa kuwa majaribio machache hayana adabu. Mengi ndiyo hutulia. Mwalimu anayewaruhusu wafute amewafundisha kuiba mtihani kabla ya mtihani.

Halafu nikaja Kitengela, hapa mlipo. Watoto wa hapa wazazi wao huamka kabla ya jogoo kwenda kazini Nairobi, na wao wanajua mambo ya simu kuliko sisi. Sikuhitaji kuwaeleza kamari. Walikuja wakiwa wameshasoma kwa ndugu zao wakubwa, wanaobashiri mpira kila wikendi na kila wikendi wanakaribia kushinda. Kijana mmoja, Brayo, alikuwa bingwa wa imani moja ambayo mtakutana nayo kila mwaka. Tulikuwa tunarusha sarafu ya shilingi kumi, hii mpya yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Simba alitokea mfululizo. Brayo akasema safari hii lazima iwe nembo, kwa sababu nembo imechelewa.

Nilimwuliza sarafu inajuaje kwamba imechelewa. Akasema haijui, lakini lazima mambo yasawazike. Nikawagawa wanafunzi wawili wawili, wote warushe, na kila wakipata simba mfululizo waandike kilichofuata. Walirusha mpaka kengele ikalia. Yaliyofuata yalikuwa nusu simba, nusu nembo, karibu sawa kabisa. Brayo alitazama ubao, akasema sarafu za darasa hili ziko na shida. Sikubishana. Nilimwambia sarafu haina kumbukumbu, na akitaka arudi jioni na sarafu yake mwenyewe. Alirudi. Wiki ile aliacha kuwashauri kaka zake mechi, na mmoja wa kaka hao alikuja shuleni kuniuliza nimemfanyia nini.

Nilidhani nimemaliza na imani ile. Kumbe ilikuwa inanisubiri nyumbani kwangu.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, Jumamosi moja alasiri, alikuja Sharon, mwanafunzi wangu wa zamani hapa Kitengela, pamoja na mumewe Wycliffe. Sharon darasani alikuwa wa kati, mwandiko safi, hakuwahi kuuliza swali. Sasa anafanya kazi ya uhasibu, mume ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda, na wote kwao ni Busia. Walikuwa wamembeba binti yao, Blessing, aliyevaa sweta mbili kwa sababu upepo wa Julai hapa hauchezi na mtoto yule. Blessing ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mifupa ikimwanza kuuma hulazwa, na Sharon alinieleza kwa maneno machache jinsi anavyoanza kulia kabla hata hajaweza kumwita mama. Nilimpa Blessing viazi vitamu, akala akiwa mapajani mwa baba yake.

Walitaka mtoto wa pili. Kliniki ilikuwa imewapima wote wawili na kuwaambia kwamba wanabeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua wenyewe, na kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Nyumbani, mama yake Wycliffe aliyekuja kutoka Busia kusaidia malezi, alikuwa amefurahi sana aliposikia hivyo. Alisema basi shida imekwisha. Wycliffe naye alifurahi. Ni Sharon tu aliyekuwa na kitu kinachomsumbua ambacho hakuweza kukitaja, ndiyo maana alimwomba mumewe wapitie kwa mwalimu.

Wycliffe alinieleza kwa heshima, kama mtu anayethibitisha jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Mwalimu, tumeambiwa ni mmoja kati ya wanne. Huyo mmoja tayari tuko naye. Wale watatu wamebaki watakuwa sawa. Ama namna gani?"

Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Darasani huwa nalisahihisha kwa kicheko. Siku ile nilimtazama Blessing na viazi vyake na kicheko hakikuja. Lakini sikuwa na shaka na jibu, na mtu asiye na shaka na jibu hana ruhusa ya kulificha.

Nilichukua karatasi nikachora mraba, nikaugawa vyumba vinne. Nikawaambia kila mmoja wao ana aina mbili za chembe, moja nzima na moja yenye shida, na kila mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Nzima na nzima, huyo hana kitu. Nzima ya baba na yenye shida ya mama, huyo anabeba tu, kama wao. Kinyume chake, vivyo hivyo. Yenye shida kwa wote wawili, huyo anaugua. Chumba kimoja kati ya vinne. Wycliffe akatikisa kichwa, hilo alilijua. Kisha nikamwambia kwamba mraba ule hauchorwi mara moja kwa familia nzima. Unachorwa upya kwa kila mimba.

"Upya kabisa?" Sharon aliuliza.

"Upya kabisa. Mtoto wa pili hajui kwamba Blessing alizaliwa."

Wycliffe aliichukua karatasi akaigeuza, kana kwamba nyuma yake kuna jibu lingine. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, kama wakizaa watatu zaidi, nafasi ya wote watatu kuwa wazima ni ngapi. Nikamwambia robo tatu, mara robo tatu, mara robo tatu. Aliifanya mwenyewe pale pale, kwa kalamu yangu, akapata ishirini na saba juu ya sitini na nne.

"Hata nusu haifiki," akasema.

"Haifiki."

Aliinuka akatoka nje, akasimama langoni akitazama barabara. Sharon alibaki. Alisema kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinamsumbua, alihisi hesabu ya mama mkwe ina shimo lakini hakujua liko wapi. Halafu akaniuliza wafanye nini. Hilo, walimu wenzangu, ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu langu lilikuwa kwamba si la somo langu. Hesabu inamwonyesha mtu mlango na upana wake. Haimwambii aingie. Nilimwambia robo tatu ni nafasi kubwa, na robo moja si ndogo, na watu wenye akili timamu wanaweza kuitazama na kuamua tofauti. Nikamshauri warudi kwa muuguzi aliyewapima, wamweleze walichokuwa wameelewa, wamwulize yale ambayo mimi siwezi: mtoto hupimwa lini, huanza dawa lini. Waliondoka bila Wycliffe kuniaga vizuri. Sikumlaumu. Alikuja na watoto watatu wazima, akaondoka bila hata mmoja.

Baada ya miezi kadhaa alirudi peke yake, na mandazi. Aliniomba nimchoree mraba tena, safari hii kwa hatua, kwa sababu mama yake haamini, naye anataka kumweleza kwa Kiluhya mwenyewe bila kubabaika. Alinichorea mimi mara mbili kabla ya kuondoka. Mara ya pili hakukosea. Aliniambia wamehama wakapanga karibu na hospitali inayopima watoto wachanga, na wameamua kujaribu. "Tumeangalia zote mbili," akasema, akimaanisha mtoto mzima na mtoto mgonjwa. "Yeyote atakayekuja tuko tayari."

Alikuja mvulana. Walimpima, akapatikana kuwa anabeba tu kama wazazi wake, haugui. Wakati huo mlikuwa mmeshaniaga. Walinialika chakula cha shukrani nyumbani kwao, na nilikwenda nimevaa kitenge kile mlichonisifia. Kulikuwa na kuku, ugali wa wimbi, chapati, na mchungaji aliyeomba kwa kirefu. Blessing alikuwa na wiki nzuri, alizunguka akionyesha wageni ndugu yake kama kitu alichokinunua yeye.

Mama yake Wycliffe aliketi karibu nami. Tulisalimiana kwa Kiluhya, tukacheka kuhusu tofauti za maneno ya Busia na ya Bungoma. Kisha akasema, mbele ya watu, bila ubaya wowote, kwamba mwalimu aliwatisha wanawe bure, maana si huyo mtoto ni mzima, kama yeye alivyosema tangu mwanzo?

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu. Wycliffe alinitangulia.

"Mama, hakututisha. Hata angetoka mgonjwa, hesabu ingekuwa ile ile. Sisi tuliingia tukijua."

Mama akafikiria, akamtazama mtoto, akamrekebishia kofia. Hakuwa mtu wa kushindwa haraka.

"Haya. Na wa tatu je? Si sasa ndio zamu ya mgonjwa?"

Meza yote ilinigeukia. Sharon, ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono, aliweka sahani chini.

"Hapana, mama. Hakuna zamu. Robo, vile vile, kama wa kwanza, kama wa pili."

Akaichukua karatasi ya kufutia mikono, akaomba kalamu, akaanza kumchorea mkwewe vyumba vinne. Mimi nikajiongezea kuku. Nilikuwa nimestaafu.